Geji Mbili Zilipobishana

Katika karakana ya Fundi Sikio palikuwa na amri moja tu, nayo haikuandikwa ukutani: fundi akiinamia injini, kila mtu afunge domo. Mchomeleaji wa mlango wa pili alizima mashine yake. Redio ilinyamazishwa. Mteja aliyekuwa anamsengenya shemeji yake alimwacha shemeji hewani, sentensi haijafika mwisho. Fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, akaubana mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha alikuwa akisema, "Vali ya kutolea moshi. Imelegea kiasi cha unywele." Ukifungua, ni hiyo hiyo! Watu walitoka mbali kuja kujionea, na jina alilopewa na mama yake likasahaulika kabisa. Hata mkewe alilitumia siku za ugomvi tu.

Sasa niwaambie jambo ambalo yeye hakumwambia mtu. Masikio hayo yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilitangulia, kidogo kidogo, miaka minne nyuma. La kulia likafuata bila kuaga. Kelele zile zile zilizompa jina ndizo zilizomla. Ukisimama mbele yake ukasema taratibu, aliambulia maneno kwa kutazama midomo. Ukigeuza uso, basi tena. Lakini bado aliinama na bisibisi yake, bado watu walimnyamazia, na katika kimya hicho chote alichopata ni mtikisiko wa chuma kwenye mfupa. Alibahatisha. Uzoefu ulimbeba. Nani atamletea injini fundi kiziwi? Swali hilo ndilo lililomnyima raha, na jibu alilijua: hakuna. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na wateja.

Ndipo akanunua geji, yaani vipimo. Ya kwanza ilikuwa na kihisi cha kufunga kwenye bomba la ekzosi, kikae humo kinuse moshi, halafu namba itokee kwenye kioo kidogo. Namba ikipanda, hewa imezidi. Ikishuka, mafuta yamezidi. Ukiivuta injini kwa nguvu ikakaa karibu na kumi na tatu, injini imeshiba na inafanya kazi kwa furaha. Geji ya pili ilikuwa ya joto. Waya wake uliishia kwenye pete ya shaba iliyobanwa chini ya plagi, nayo ilisema kichwa cha silinda kimepata moto kiasi gani. Hewa ikizidi injini huchemka, mafuta yakizidi hupoa. Geji mbili, mashahidi wawili.

"Dunia imekwenda mbele," aliwaambia wateja. "Mambo ya kuotea kwa sikio yamepitwa na wakati."

Watu wakatikisa vichwa wakasema, huyu mzee wa maendeleo.  Mkewe alikaa mbele, kwenye kaunta ya vipuri, na kati yake na karakana palikuwa na ukuta wa mbao tu. Miaka ishirini na sita alikuwa anauza plagi na gasketi za kuziba viungo vya mashine huku injini za watu zikimpigia kelele mgongoni.

Jumatatu asubuhi akaja daktari wa mifugo. Mwanamke mrefu, mabuti mpaka magotini, mikono inanukia dawa ya kuogeshea ng'ombe hata akinawa mara saba. Alikuja juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, chombo kipana chenye matairi ya kucha, na nyuma kimefungwa sanduku la barafu la kubebea chanjo. Chombo chenyewe kilikuwa kimefanyiwa mambo. Fundi mmoja wa huko alikopita alikiwekea silinda kubwa kuliko ya kiwandani, akakifungia ekzosi pana iliyoviringishwa kitambaa cha kuzuia joto kuanzia kwenye injini hadi katikati, ikawa mfano wa mguu uliofungwa bendeji.

"Fundi, kabla yule mwenzako hajakigusa kilikuwa kinapanda mlima polepole," daktari alisema. "Sasa hakipandi kabisa. Kona ya tatu kinakohoa, kinakufa. Na Alhamisi lazima nifike kule juu. Ng'ombe wa watu wanaumwa, wafugaji wananingoja, na chanjo haingoji mtu, barafu ikiyeyuka ndiyo kwaheri."

"Alhamisi utapanda, daktari. Hiyo ni kabureta tu. Silinda imekuwa kubwa, chakula kimebaki cha mtoto."

Hakutia chumvi. Ndani ya kabureta mna jeti, kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, chenye tundu jembamba katikati na namba ubavuni. Namba ikiwa kubwa, tundu ni pana na mafuta yanapita mengi. Silinda kubwa inataka jeti kubwa. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Basi akafungua, akakuta jeti ya mia na kumi na tano. Akawasha, akavuta, akatazama geji ya moshi: kumi na sita na nusu. Hewa tele. Akatia mia na ishirini. Kumi na sita na nusu. Akatia mia ishirini na tano. Kumi na sita. Akatia mia na thelathini, na chombo kikaanza kuwa kizito, kikawa kinatoa moshi mweusi nyuma, lakini geji imeng'ang'ania kumi na sita. Akachomoa plagi. Nyeusi tititi, masizi yanatoka kwa kidole. Plagi ya namna hiyo inasema mafuta yamezidi. Akatazama geji ya joto: injini imepoa, wala haina habari. Nayo inasema mafuta yamezidi.

"Ala!" alisema peke yake. "Nyie mmekula njama?"

Jumanne nzima aliitafuta huruma ya geji zile. Alisafisha kabureta, akapima boya lake, akaipandisha sindano ya mafuta pingili moja, akaishusha. Alikagua mpira wa kuingizia hewa kwa mkono, tundu kwa tundu, asione ufa. Alikwenda kaunta kuomba plagi nyingine.

"Ya ngapi hii?" mkewe aliuliza, akimtazama usoni ili aone midomo.

"Ya sita. Nipe mbili kabisa."

Mkewe akazitoa. Akafungua mdomo, akaufunga. Mume akachukua plagi zake akaondoka, na mkewe akabaki ameushika ukingo wa kaunta kwa hasira ambayo hakujua aielekeze wapi.

Jumatano mchana daktari akarudi kuona kazi imefikia wapi. Alikuta plagi nyeusi tisa zimepangwa kwenye gazeti, kabureta imefunguliwa na kufungwa mara kumi na moja, na fundi ana macho mekundu.

"Geji imeharibika," fundi alimwambia. "Niachie nisikilize mwenyewe."

Akachukua bisibisi yake, akawasha injini, akainama.

Amri ikafuatwa. Mchomeleaji akazima mashine, akaja kusimama mlangoni na miwani yake ya kazi kichwani. Mke wa fundi akatoka kwenye kaunta, akajipangusa mikono kwa khanga. Daktari akakunja mikono kifuani. Injini inanguruma polepole, watu watatu wamenyamaza kimya, na fundi amefumba macho na mpini nyuma ya sikio. Akasubiri. Hakuna kitu. Mtikisiko tu, dugu dugu dugu, usio na habari yoyote ndani yake.  Akafumbua macho kabla ya wakati.

Ndipo akawaona. Hawakuwa wanamtazama yeye. Wote watatu walikuwa wanatazama mahali pamoja, chini, upande wa kulia wa injini, pale ekzosi ilipoingia kwenye silinda ndani ya kile kitambaa. Mchomeleaji aliinamisha kichwa kama mtu anayeitwa na mtu wa mbali. Daktari alikunja uso. Mkewe alikuwa anauma mdomo wa chini. Wanasikia kitu, fundi aliwaza. Wote wanasikia kitu, isipokuwa mimi.

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na mlango wa kutorokea, tena uko wazi. Angeweza kunyanyuka akasema, "Aha! Ekzosi!" na watu wakapiga makofi. Alikwisha fanya hivyo mara nyingi, kusoma macho ya watu na kuyageuza kuwa ujuzi wake. Neno lilimfika ulimini. Lakini ni nini cha ekzosi? Nati, ufa, au chuma kinagongana na fremu? Akikosea, kesho mwanamke huyu atapanda mlima peke yake na chombo kitamfia kona ya tatu, makosa si yake. Na tena alikuwa amechoka. Miaka minne ya kubahatisha humchosha mtu kuliko miaka thelathini ya kazi. Akapiga moyo konde.

"Mama," alimwita mkewe. "Njoo unisikilizie. Mimi sisikii."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, kama wanavyosema wote wenye tatizo hilo. Mchomeleaji akatazama viatu vyake. Fundi akasubiri daktari acheke, au aombe ufunguo wake. Daktari hakufanya lolote kati ya hayo.

Mkewe akaja. Hakushika bisibisi. Alichuchumaa tu, akapeleka uso karibu na kile kitambaa, akanyoosha kidole.

"Hapa," alisema, akimgeukia ili amwone. "Inapumua. Tsi, tsi, tsi. Ukiivuta inaongezeka, ukiiachia inavuta pumzi ndani. Gasketi imeungua."

"Una hakika?"

"Nauza gasketi miaka ishirini na sita, mzee. Iliyoungua naijua sauti yake nikiwa usingizini. Hii nimeanza kuisikia Jumatatu, daktari hajashuka hata kwenye kiti."

"Jumatatu!" Fundi akazima injini kwa ghadhabu. "Jumatatu! Siku tatu natesa kabureta ya watu, nimechoma plagi tisa, na wewe unajua? Mbona hukuniambia?"

Mama akasimama. Alikuwa mfupi, lakini akikasirika alirefuka.

"Nikwambie saa ngapi? Ukiinama, tunyamaze. Ukiinuka, umeshatoa hukumu. Siku ya kwanza nilipokuja hapa nikasema mbele ya mteja, 'Nadhani mnyororo umelegea,' ulinifanyaje? Ulinipeleka nyuma ukaniambia hapa anasema fundi tu. Haya, nimenyamaza. Nimenyamaza mpaka nimezeeka."

 Fundi alikumbuka siku ile, alikumbuka hata mnyororo wenyewe. Ulikuwa umelegea kweli.

"Basi nisamehe," alisema. "Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa kijana," mkewe akasema. "Ujinga ulifuata baadaye. Niletee spana ya kumi na mbili."

Mchomeleaji akacheka kwa pua, kisha wote wakacheka, na fundi akaenda kuleta spana mwenyewe.

Walipokifungua kile kitambaa, ushahidi ulikuwa hapo umelala: ulimi mweusi wa masizi umejilamba kutoka kwenye kiungo, na gasketi imeliwa robo nzima. Fundi akajipiga paji la uso. Sasa kila kitu kilieleweka. Pengo lilikuwa kati ya silinda na kihisi. Injini ikipumua nje, moshi unavuja. Ikivuta pumzi, hewa ya nje inaingia humo humo, inachanganyika na moshi, na kihisi maskini kinanusa hewa isiyotoka ndani ya injini kabisa. Geji haikuwa mwongo. Ilisema ilichokinusa. Naye kwa kuiamini alikuwa anamimina mafuta juu ya mafuta. Geji ya joto na plagi zilimwambia ukweli tangu siku ya kwanza, lakini kiungo kilifunikwa, na sauti iliyoweza kuamua kesi hakuwa nayo.

Wakatia gasketi mpya ya shaba kutoka kwenye kaunta, wakakaza nati kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo. Akawasha. Geji ya moshi ikaporomoka hadi kumi.

"Mafuta yanamwagika kama bomba la mtaani," fundi alisema, na safari hii alitabasamu. Akashuka ngazi alizopanda. Akaitoa jeti ya mia na thelathini. Mia ishirini na tano: kumi na mbili kasoro kidogo. Mia na ishirini: hapo injini ikaanza kuruka kila akigusa mafuta.

Lakini injini iliyosimama karakanani si injini iliyobeba mzigo. Nyuma ya maghala ya jirani palikuwa na mteremko mkali wa changarawe, na huko ndiko walikojaribia. Fundi akashika usukani, geji mbili zimefungwa kwa mpira mbele yake, akamwambia mkewe apande nyuma.

"Mimi?"

"Sasa mimi nitasikiliza na nani?"

Mama akafunga khanga vizuri, akapanda, akamshika mume kiunoni. Wakakubaliana: ikilia vizuri, anyamaze, ikikohoa, ampige begani. Wakapanda mteremko. Mafuta yakiwa wazi kabisa, kumi na mbili nukta tisa, bega kimya. Mafuta yakiwa nusu, geji ikaruka kumi na nne na nusu, na papo hapo kofi la bega likatua, paa! Fundi akateremka, akaipandisha sindano pingili moja ili mafuta ya katikati yaongezeke. Wakapanda tena. Kumi na tatu na kidogo. Akavuta, akaachia, akavuta tena. Bega kimya. Joto limepanda likakaa mahali pake. Kileleni akasimamisha chombo, akageuza kichwa.

"Inasemaje?"

Mkewe alifikiri. Hakuwahi kuulizwa.

"Haikohoi, hailalamiki," alisema. "Sauti nene, ya chini. Inafanana na mtu aliyekula akashiba, anaanza kuimba."

 Machozi yalimlengalenga fundi na hakuyaficha. Si kwa ajili ya injini. Miaka minne alidhani hataisikia tena, na kumbe siku zote alikuwa anaishi na mtu wa kumsimulia.

Waliporudi, daktari alikwisha funga sanduku lake. Akakizunguka chombo, akakijaribu mwenyewe hadi juu ya mteremko na kushuka, akarudi anacheka. Fundi alikuwa anakunja nyaya za geji. Daktari akavaa kofia ya chuma, injini inanguruma, akainama akamwambia mama maneno, wala si machache. Mama akaanza kutabasamu. Kisha tabasamu likakatika.

"Kasema nini?" fundi akauliza.

"Anashukuru."

Fundi alimtazama. Alimjua mkewe huyu.

"Mama, kuanzia leo wewe ndiye sikio langu. Sikio halichagui la kusikia. Kasema nini?"

Mama akamtazama daktari. Daktari akavua kofia, akatikisa kichwa kukubali.

"Kasema hashangai," mama alisema, neno moja moja. "Kasema alijua tangu mwaka jana. Alikuja kuchukua chombo akiwa amechelewa siku nne, ukiwa na kazi mkononi. Alisimama pale mlangoni akakwambia alichelewa kwa sababu alikuwa anamzika baba yake." Akamtazama daktari tena. "Nawe ukamwambia, 'Safi kabisa, daktari! Ndivyo inavyotakiwa.' Ukamwonyesha dole gumba."

Fundi alibaki na nyaya mkononi. Alitafuta siku ile kichwani na akaipata: mwanamke mlangoni, mwanga nyuma yake, uso giza, midomo haionekani. Naye kwa kuogopa kuuliza mara ya pili alitoa jibu linalofaa maswali mengi.

"Alilia njia nzima," mama akaendelea. "Alipofika kwake akajiambia, mtu mwenye akili hawezi kujibu vile. Yule fundi hasikii. Akasamehe, akarudi."

Jamani. Miaka minne aliogopa kupoteza jina, hakujua kwamba alikuwa anawaumiza watu kwa jina hilo hilo. Ni wangapi wengine? Nani mwingine alimwambia msiba akapewa dole gumba? Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akaiacha impande.

Akaweka nyaya chini. Akaenda kuzima injini kwa mkono wake mwenyewe, ijapokuwa kwake haikuleta tofauti. Akaupokea mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, yenye grisi na yote.

"Pole, daktari," alisema. "Pole sana kwa kufiwa na baba."

Mchomeleaji alikuwa hajawasha mashine yake bado. Daktari alisimama sawasawa mbele ya fundi, mahali penye mwanga, akasema taratibu ili midomo ionekane.

"Nimeshapoa, fundi. Asante."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Daktari akatazama sanduku la chanjo, akatazama jua, akaona bado kuna nafasi. Fundi akamsogezea kiti, yeye akakalia tairi kuukuu, na mkewe akaja kukaa upande wake wa kulia.

"Alikuwa fundi cherehani," daktari alianza. "Mtu mmoja mbishi sana."

"Fundi cherehani," mama akamrudishia mumewe, uso kwa uso. "Mbishi sana, anasema."